Birika la Juu ya Shule: Historia Fupi ya Zege Kijijini Kwetu



Kila anayepanda nyumbani mwezi wa Desemba hulipita birika lile lililo juu ya shule ya msingi. Kuta zake ni nene kuliko za nyumba yoyote kijijini, na ngazi zake za zege bado watoto huzikalia wakati wa mapumziko. Vuli ikinyesha vizuri, maji hujaa ndani yake mpaka kwenye magoti ya mtu mzima, halafu hayapandi tena. Watoto waliozaliwa mjini huuliza hiki ni kitu gani. Wazazi wao, ambao wengi wetu tulibeba maji ya kulijengea tukiwa wanafunzi, hujibu kwamba birika "lilikufa," na safari inaendelea.

Mwaka huu harambee yetu ni ya tangi la maji la zahanati. Sisi tuliopewa kazi ya kutunza kumbukumbu za kijiji tumeona si vizuri kuomba fedha za tangi jipya kabla ya kueleza lile la kwanza lilikufaje. Tumekaa na wazee walioshika koleo siku zile, tumemwuliza bibi mmoja aliyeponda kokoto, na tumekwenda na fundi kugonga kuta kwa nyundo. Tunayoyaandika hapa ndiyo tuliyoyaona na kuyasikia.

Tuanzie nyuma kidogo. Kabla ya saruji, babu zetu katika milima hii ya Upare walikuwa na ndiva. Vijana wa leo wanazijua zaidi kama majina ya mahali. Ndiva ilikuwa bwawa dogo la mawe na udongo, lililokusanya maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Kazi ya kuitengeneza na kuisafisha ilikuwa ya msaragambo, na asiyefika alijua litakalompata. Udongo wa ukutani ulishindiliwa ukiwa na unyevu, na haukuachwa ukauke, maana udongo wa mfinyanzi ukikauka hupasuka. Jambo hilo kila mtu alilijua bila kufundishwa darasani.

Wenzetu wa pwani nao walikuwa na ujuzi wao. Walichoma matumbawe wakapata chokaa, wakaichanganya na vipande vya mawe, wakajenga misikiti na majumba. Kuba za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani zimetokana na ujuzi huo, karne nyingi kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kufika nchini. Saruji tunayoitumia sisi ina jina la Portland, nayo hati yake ilipewa Joseph Aspdin, fundi wa Leeds, Uingereza, mwaka 1824. Kwetu ilifuata reli. Wajerumani walipoanza kujenga kutoka Tanga mwaka 1893, reli ilifika Mombo mwaka 1905, ikaendelea chini ya milima yetu hadi Moshi kabla ya Vita vya Kwanza. Kilichoshushwa stesheni kilipanda huku juu mabegani, kwa hiyo saruji ilitumiwa kama dawa, kidogo kidogo, kwenye msingi wa kanisa au kingo za daraja. Bei na safari vilitosha kuwafanya watu waiheshimu.

Hali ilibadilika baada ya kiwanda cha Wazo Hill kuanza uzalishaji mwaka 1966. Saruji ikawa ya nchini. Likaja Azimio la Musoma mwaka 1974, watoto wote waende shule, na kila kijiji kikaambiwa kijenge. Birika letu ni la miaka hiyo. Mifuko ilitolewa kama msaada na nguvu zikawa zetu. Fundi alikuja kutoka nje, akaelekeza, akaondoka kabla kazi haijaisha. Hatumtaji, kwa kuwa hayupo kujieleza, na kwa kuwa makosa mengi hakuyafanya peke yake.

Wazee wanaeleza hivi. Mchanga ulitoka korongoni, ukiwa na udongo ndani yake. Kokoto ziliponduliwa na akina mama kwa nyundo, na hizo hazikuwa na kasoro, hata leo ukivunja kipande cha ukuta zinameta safi. Zege lilichanganywa chini, juu ya ardhi iliyofagiliwa. Hesabu ilikuwa kwa karai na koleo, na kadiri mkono ulivyochoka ndivyo koleo la mchanga lilivyozidi kujaa. Kisha maji. Zege gumu ni zito kuligeuza na zito kulipandisha kwenye mstari wa watu wanaopokezana karai, kwa hiyo kila aliyechoka alisema, "Ongeza maji." Likawa laini kama uji, likateleza vizuri ndani ya mbao, na kila mtu akafurahi. Bibi yule alituambia, "Tuliimba siku ile."

Hapa ndipo birika lilipoanza kufa. Saruji huungana na maji, na muungano huo ndio unaoifanya kuwa jiwe. Lakini haihitaji maji mengi. Kwa mfuko wa kilo 50, lita 25, yaani debe moja na robo, zinatosha kufanya zege zuri, na hata hapo saruji haizimalizi zote. Maji yanayozidi hubaki katikati ya chembe, baadaye hutoka, na mahali yalipokuwa hubaki vitundu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1918 huko Chicago, mhandisi aitwaye Duff Abrams alichapisha matokeo ya majaribio mengi sana, akaonyesha kwamba kwa saruji ileile, kinachoamua nguvu ya zege kuliko kitu kingine ni uwiano wa maji na saruji. Mfuko uliotiwa lita 45 badala ya 25 hutoa zege lenye nguvu pungufu ya nusu. Uji ule ulioteleza vizuri ulikuwa wa namna hiyo, na vitundu hivyo ndivyo maji ya birika yanavyopitia.

Halafu kuna ule mstari. Ukiingia ndani ya birika wakati wa kiangazi utauona umezunguka kuta zote, kwa kimo cha magoti, mweusi, una majani membamba yaliyoota. Sisi tuliukuta tukiwa watoto, tukadhani ni alama ya maji. Si alama ya maji. Msaragambo ulikuwa siku moja kwa wiki. Siku ya kwanza ya kuta watu walimwaga mpaka mbao zikaisha na jua likatua. Wiki iliyofuata walikuja na mbao zilezile, wakazipandisha, wakamwaga zege bichi juu ya zege lililokwisha kushika. Zege lenye maji mengi huinua maji yake juu, pamoja na saruji laini, na kuacha utando dhaifu kama ukoko. Ukoko huo ulipaswa kuchunwa mpaka kokoto zionekane, ukafagiliwa, ukalowanishwa, ndipo zege jipya liwekwe. Haukuchunwa. Kwa hiyo tuna mabirika mawili, moja limekaa juu ya jingine, na maji yanapofika kwenye mshono hutoka nje. Ndiyo maana hayapiti magotini.

Fundi aliyekuja na nyundo alituonyesha na jambo la tatu, upande wa kaskazini. Pale ukuta una matobo kama masega ya nyuki, yaliyofichwa kwa plasta na niru. Zege lilimwagwa kutoka juu sana, kokoto zikatangulia chini na uji ukabaki nyuma, wala hakuna aliyelishindilia kwa fimbo. Hewa inayobaki ndani ya zege si jambo dogo. Ikiwa asilimia 5 tu ya ukubwa wake, nguvu hupungua kwa karibu asilimia 30.

Lakini tukiulizwa kosa kubwa lilikuwa lipi, tutasema ni wiki ile ya katikati, ambayo hakuna mtu aliyefanya kosa lolote kwa sababu hakuna mtu aliyekuwepo. Ilikuwa kiangazi. Maji yalikuwa kwenye chemchemi, mwendo wa nusu saa, na nyumbani hayakutosha. Nani angebeba ndoo kwenda kumwagia ukuta? Kuta zilibaki kwenye jua na upepo, na siku ya tatu zilikuwa nyeupe. Watu wakazigonga wakaridhika kwamba zege limekauka.

Neno hilo limetuponza. Tunasema zege limekauka tukimaanisha limekuwa gumu, na tumelisema mpaka tukaamini kwamba nguvu yake inatoka katika kukauka. Ni kinyume. Zege huwa gumu kwa kunywa maji polepole, siku baada ya siku, na likinyimwa maji kazi hiyo husimama pale ilipofika. Likitunzwa na unyevu, siku ya 7 huwa limepata takriban theluthi mbili ya nguvu litakazokuwa nazo siku ya 28. Likiachwa juani tangu siku ya kwanza, linaweza kuishia karibu nusu tu, huku uso wake ukipasuka nyufa ndogo ndogo. Wazee wetu waliojua kwamba ndiva haiachwi ikauke walikuwa hai siku zile, na wengine walikuwa kwenye mstari wa kupokezana karai. Hakuna aliyewauliza, na wao walidhani kitu cha kizungu kina taratibu zake.

Ushahidi wa upande wa pili tunao pia. Kalavati lililo kwenye barabara ya kushukia sokoni lilijengwa baadaye, miaka ambayo saruji ilipatikana kwa kibali na kwa kujuana. Mifuko ilikuwa michache, fundi alikuwa mzee wa hapa hapa, mkali, aliyefukuza watu waliotaka kuongeza maji. Lilimwagwa masika yakiwa yameanza, na wengi walimlaumu kwamba mvua italiharibu. Usiku wa kwanza alilifunika kwa magunia na migomba. Kisha ikanyesha karibu kila siku, wiki mbili. Malori ya tangawizi yanapita juu yake hadi leo. Tumejaribu kukata kipande chake kidogo kwa tindo, na fundi wetu akaacha kwa kuogopa kuharibu tindo.

Kuhusu madarasa yaliyojengwa wakati wa MMEM, kuanzia mwaka 2002, hatutasema mengi. Kila mzazi anajua sakafu zile zinavyotoa vumbi. Tuongeze moja tu ambalo halisemwi: mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, na karai lake huweza kubeba mchanga pungufu kwa robo kuliko karai la mchanga mkavu. Kwa hiyo hata wale waliohesabu kwa uaminifu hawakuwa wakichanganya kitu kilekile asubuhi na mchana.

Sasa tangi la zahanati. Wauguzi wetu wanapokea akina mama wanaojifungua kwa maji ya kubebwa na ndoo, na ndugu wa mgonjwa ndio wanaoyabeba. Hatuna nafasi ya kujenga birika la tatu lililokaa juu ya la pili. Mchanganyiko uliopangwa ni mfuko mmoja wa saruji, mchanga mmoja na nusu, na kokoto tatu, kiasi cha mifuko minane kwa kila mita ya ujazo. Vipimo havitakuwa vya koleo, bali vya boksi la mbao lenye sentimita 40 kwa 35 kwa 25 kwa ndani, ambalo hubeba lita 35, sawa na mfuko mmoja. Mchanga utaoshwa. Kila mchanganyo wa kwanza wa siku utapimwa kwa koni ya bati ya sentimita 30, ili tuone zege likishuka kiasi gani koni inapoinuliwa, na atakayesema "ongeza maji" aonyeshwe koni. Vipande vya majaribio vitapelekwa kuvunjwa siku ya 7 na siku ya 28. Ukuta utamwagwa mfululizo, siku moja, kwa mashine ya kukodi na vaibreta, ndiyo sababu fungu la mashine ni kubwa kuliko mlivyozoea kuona.

Kuna fungu jingine ambalo katika mkutano mkuu uliopita lilizua maneno: maji ya kumwagilia, magunia, turubai, na posho za watu wawili kwa siku 14 baada ya kazi kwisha. Mjumbe mmoja alisimama akauliza kwa nini tulipe watu wa kumwagia maji ukuta ambao umekwisha kujengwa, na wengi walipiga makofi. Hatumlaumu. Sisi wenyewe miaka ile tungepiga makofi pamoja naye. Katika vitabu vya hesabu vya chama, tangu kile cha kwanza kilichosalia, tumekuta fedha za saruji, nondo, mbao, usafiri, na chakula cha siku ya kumwaga zege. Hatukukuta hata shilingi moja ya siku iliyofuata.

Zege litamwagwa Januari, kiangazi, wakati wengi wetu tumekwisha kurudi mijini na chemchemi iko chini. Maji ya kumwagilia yatapanda kwa punda. Ukurasa wa mwisho wa kijarida hiki una jedwali la siku 14, asubuhi, mchana na jioni, na nafasi ya jina mbele ya kila zamu. Anayeweza kubaki nyumbani wiki moja zaidi aandike jina lake. Asiyeweza alipie zamu. Wakati tunapeleka kijarida hiki mtamboni, zamu za mchana za siku ya tatu, ya nne na ya tano zilikuwa bado hazina mtu.