Nguo za kumvalisha mtoto unayempakia baiskeli asubuhi za kipupwe

Dar es Salaam ni mji wa joto, kwa hiyo wengi wetu hatujazoea kujiandaa kwa baridi. Hata hivyo, kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unapovuma, alfajiri inaweza kupoa hadi nyuzi 18 au 19 za Selsiasi. Mchana wa siku hiyo hiyo joto hufika nyuzi 28 au zaidi. Mtoto anayepakiwa baiskeli saa 12 asubuhi kutoka Buguruni au Magomeni kuja Kariakoo hupitia hali zote mbili kabla ya kurudi nyumbani.

Makala hii inaeleza nguo zipi zinamfaa mtoto huyo, zipi ni za hatari kwenye baiskeli, na ni watoto gani wanaohitaji uangalizi zaidi.

Kwa ufupi

- Mtoto aliyepakiwa husikia baridi kuliko wewe unayeendesha. Mvalishe nguo moja zaidi ya ulizovaa wewe.
- Nguo mbili au tatu nyepesi ni bora kuliko koti moja zito.
- Usimfunike kwa kanga, mtandio au shuka linaloning'inia karibu na gurudumu.
- Mkifika, mpunguzie nguo. Joto lililozidi nalo linadhuru.
- Mtoto mwenye selimundu au pumu akingwe upepo na baridi kwa makini zaidi.

Kwa nini mtoto hupata baridi na wewe huoni?

Misuli inapofanya kazi hutoa joto. Ukikanyaga pedali kwa dakika tano unaanza kutoka jasho, na unaweza kudhani asubuhi haina baridi. Mtoto aliye nyuma yako amekaa tu, misuli yake haifanyi kazi, lakini upepo unampiga.

Kuzunguka mwili kuna tabaka jembamba la hewa yenye vuguvugu. Baiskeli ikienda, upepo huliondoa tabaka hilo kila mara, na mwili hulazimika kutengeneza joto jingine. Nguo ikiwa imelowa kwa jasho, umande au manyunyu, joto hupotea haraka zaidi. Mtoto mdogo hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima kwa sababu ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake.

Mahali anapokaa napo pana maana. Aliye kwenye kiti cha nyuma hukingwa kidogo na mgongo wako. Aliye kiti cha mbele hupigwa na upepo wote kifuani, hivyo anahitaji kizuizi cha upepo hata kama safari ni fupi.

Mvalishe hivi

1. Nguo ya ndani. Singlendi au fulana nyepesi, kavu, inayogusa mwili bila kubana. Pamba inafaa mtoto anayekaa tu. Kwa mtoto mkubwa anayeendesha mwenyewe na kutoka jasho, pamba hulowa na kuchelewa kukauka, kwa hiyo fulana za michezo zinamfaa zaidi. Akikosa, abebe fulana ya kubadilisha.
2. Nguo ya joto. Sweta la shule linatosha kwa asubuhi nyingi. Liwe refu la kufunika kiuno akiwa amekaa, maana sweta fupi hupanda juu na kuacha mgongo wazi.
3. Kizuizi cha upepo. Jaketi jepesi la kitambaa kilichofumwa kwa kubana, lenye zipu mbele. Sweta peke yake hupitisha upepo. Jaketi jepesi juu yake hufanya kazi kubwa kuliko sweta la pili.
4. Miguu. Suruali ya trakisuti au taiti chini ya sketi, soksi, na viatu vya kufunika kidole na kisigino. Kandambili hazifai.

Asubuhi ya manyunyu ongeza koti la mvua. Kumbuka kuwa plastiki huzuia jasho kutoka, hivyo lifungue mara mvua inapokatika.

Jinsi ya kujua kama nguo zinatosha

Usipime kwa kushika vidole. Vidole vya mtoto hupoa haraka hata kama mwili una joto la kutosha. Simama pembeni baada ya dakika kama kumi, ingiza mkono wako nyuma ya shingo yake au kifuani chini ya nguo:

- Pakiwa pa vuguvugu na pakavu, nguo zinatosha.
- Pakiwa pa baridi, ongeza nguo moja.
- Pakiwa na jasho, punguza nguo moja.

Mtoto anayetetemeka, anayenyamaza isivyo kawaida yake au mwenye midomo iliyopauka amepata baridi. Shuka, mkumbatie, badilisha nguo iliyolowa na mpe kinywaji cha vuguvugu mkifika.

Nguo zinazoleta ajali

Nguo ya joto inaweza kuwa chanzo cha jeraha. Kanga au kitenge cha kumfunika mtoto kikilegea huvutwa na spoku au cheni, na baiskeli husimama ghafla. Mguu wa mtoto nao huweza kuingia kwenye spoku na kisigino kikachanika vibaya. Kabla ya kuondoka hakikisha:

- Mtandio, hijabu au skafu imechomekwa ndani ya jaketi. Kilichozungushwa shingoni kikinaswa kinaweza kumnyonga. Kwa mtoto mdogo tumia sweta lenye kola ndefu badala ya skafu.
- Kamba za shingoni kwenye jaketi zimekatwa au kuondolewa.
- Suruali pana na baibui la mwendeshaji vimefungwa mbali na cheni.
- Baiskeli ina kiti cha mtoto chenye mkanda na mahali pa kuweka miguu, na gurudumu la nyuma limezibwa pembeni.
- Helmeti imekaa sawa. Mzula mnene au kofia ya jaketi chini yake huifanya icheze na isimlinde akianguka. Kofia ya jaketi pia humzuia mtoto anayeendesha mwenyewe kuona magari ya pembeni.

Mwezi Julai jua huchomoza karibu saa 12 na nusu. Ukitoka kabla ya hapo bado kuna giza, na kwenye Barabara ya Morogoro au Mtaa wa Msimbazi madereva wanahitaji kukuona. Jaketi la njano, jeupe au lenye mikanda inayong'aa ni bora kuliko sweta la bluu iliyokoza. Likiwa ni sweta la sare, mvalishe kizibao chenye mikanda hiyo juu yake.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipakiwe baiskeli, hata akiwa amefungwa mgongoni. Shingo yake haijakomaa kustahimili mitikisiko, na ukianguka mnaanguka wote.

Unaponunua Kariakoo au Karume

Huna haja ya nguo za gharama. Majaketi mepesi ya mitumba hupatikana Soko la Karume pale Mchikichini, na sweta na trakisuti mpya zipo maduka ya Mtaa wa Kongo. Kabla ya kulipa:

- Inua nguo juu uitazame kwenye mwanga. Ukiona mwanga mwingi ukipenya, upepo nao utapenya.
- Puliza kwa mdomo upande mmoja, weka kiganja upande wa pili. Ukisikia pumzi yako, hicho si kizuizi cha upepo.
- Jaribu zipu mara kadhaa. Mtoto aweze kuifungua mwenyewe.
- Chagua saizi inayopita juu ya sweta bila kubana kwapani. Isizidi sana, maana mikono mirefu hufunika breki.

Fua mitumba kabla ya kuvaa, anika juani na piga pasi pande zote mbili, pamoja na mishono. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Funza wake huingia kwenye ngozi na kuleta uvimbe kama jipu. Joto la pasi huua mayai hayo.

Mkifika

Kufikia saa tatu au nne jua limeshawaka. Mtoto akibaki na sweta na jaketi hutoka jasho, hupata harara na huweza kupungukiwa maji. Mfundishe kuvua jaketi na kuliweka kwenye begi, na mpe chupa ya maji, kwa sababu asubuhi ya baridi watoto husahau kunywa. Fulana ikiwa imelowa, abadilishe kabla ya kuingia darasani.

Je, baridi huleta nimonia?

Hapana, si yenyewe. Nimonia huletwa na virusi na bakteria, na moshi wa mkaa, kuni au sigara ndani ya nyumba huongeza hatari. Sweta haliwezi kuchukua nafasi ya chanjo. Hakikisha mtoto amepata chanjo za kukinga nimonia, zinazotolewa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14.

Vivyo hivyo, mtoto mwenye homa usiseme "ni baridi ya asubuhi" ukamfunika kwa blanketi. Kumfunika huongeza joto. Mpeleke akapimwe malaria siku hiyo hiyo, na asipande baiskeli.

Watoto wanaohitaji uangalizi zaidi

Selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani. Kwa watoto hawa baridi na upepo vinaweza kuamsha maumivu makali ya mifupa, tumbo au kifua, kwa sababu mishipa midogo ya damu husinyaa na seli zenye umbo la mundu hukwama. Mtoto huyu avae kizuizi cha upepo na soksi kila asubuhi ya kipupwe, asikae na nguo iliyolowa hata kidogo, na anywe maji mara kwa mara. Asubuhi ya mvua, daladala ni salama kwake kuliko baiskeli. Akipata homa, maumivu ya kifua au maumivu yasiyotulia kwa dawa alizopewa, mpeleke hospitali mara moja.

Pumu. Hewa baridi inaweza kubana kifua. Mfunike pua na mdomo kwa barakoa ya kitambaa chepesi, na dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwake, si nyumbani.

Mpeleke kituo cha afya haraka ukiona

- anapumua haraka: mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, au mara 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 hadi 5. Hesabu dakika nzima akiwa ametulia;
- kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi;
- hawezi kunywa au kunyonya, au anatapika kila kitu;
- ana degedege, au amelegea na ni vigumu kumwamsha;
- mtoto wa chini ya miezi 2 ana joto la mwili chini ya nyuzi 35.5, au nyuzi 37.5 na kuendelea.

Kwa wakazi wa Kariakoo na Ilala, hospitali za karibu ni Mnazi Mmoja na Amana. Usisubiri jua litoke ukidhani atapata nafuu akipata joto. Dalili hizi zinahitaji mhudumu wa afya siku hiyo hiyo, usiku au mchana.