Ufundi wa madaraja ya mbao katika njia za baiskeli za milimani

KATIKA milima iliyo kaskazini mwa jiji la Vancouver, nchini Canada, mvua hunyesha kwa wingi kuanzia Oktoba hadi Machi. Udongo wa misituni hulowa, mizizi ya miti huteleza na vijito hukatiza njia mara kwa mara. Ni katika mazingira hayo ambapo waendeshaji baiskeli walianza, katika miaka ya 1980 na 1990, kujenga madaraja ya mbao ambayo baadaye yaliigwa katika nchi nyingi.

Wengi hudhani kuwa madaraja hayo yalibuniwa kwa ajili ya mbwembwe. Hata hivyo, haja ya kwanza ilikuwa kuvuka matope na mizizi bila ya magurudumu kuichimbua ardhi. Baadaye mafundi kama vile Todd Fiander na Dan Cowan, waliojenga katika Mlima Fromme, waliyainua madaraja hayo na kuyafanya membamba zaidi, hivi kwamba kuyavuka kukawa mchezo wenyewe. Filamu za Fiander ziliusambaza mtindo huo ng'ambo.

Malighafi kuu ni mwerezi mwekundu, mti ambao kiini chake kina kemikali za asili zinazozuia kuvu. Aidha, gogo lake hupasuka kwa urahisi kwa kufuata nyuzi. Wenyeji asilia wa pwani hiyo, wakiwemo Wasquamish, walipasua mbao za nyumba zao kutokana na mti uo huo kwa karne nyingi kabla ya baiskeli kuwapo. Wakenya wanaijua sifa hiyo kupitia kwa mtarakwa, ambao nguzo zake za ua hudumu ardhini kwa miaka mingi. Wajenzi waangalifu hutumia magogo yaliyokwisha kuanguka, wala hawakati miti iliyo hai.

Daraja lenyewe hufanana na ngazi iliyolazwa. Magogo mawili yaliyobanduliwa magome hulazwa sambamba yakawa mihimili, kisha vipande vilivyopasuliwa hupigiliwa juu yake kwa kukingama. Gome huondolewa kwa kuwa huhifadhi maji na wadudu. Misumari huwa ni ile iliyopakwa zinki ili isishike kutu. Kati ya kipande na kipande huachwa mwanya mdogo wa kupitisha maji na matope, ila usiwe mpana kiasi cha kunasa gurudumu. Mbao zilizopasuliwa hupendelewa kuliko zilizopasuliwa kwa msumeno kwa sababu uso wake uliokwaruza hushika tairi vyema.

Hata hivyo, uhai wa daraja hutegemea zaidi mahali ambapo mbao inakutana na udongo. Kuvu huhitaji unyevu. Mbao ambayo unyevu wake hauzidi asilimia 20 haiozi kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, ncha za mihimili huwekwa juu ya mawe makubwa badala ya kulazwa ardhini. Nguzo iliyozikwa huanza kuoza pale inapotokeza kwenye udongo, mahali pasipoonekana na anayepita juu.

Hapo ndipo penye hatari. Sakafu ya daraja yaweza kuonekana imara huku mhimili ulio chini yake umegeuka kuwa unga. Mkaguzi hana budi kuinama, kudunga mbao kwa ncha ya kisu na kung'oa kila kipande kinachocheza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Shirika la kimataifa la baiskeli za milimani, IMBA, lililoanzishwa mwaka wa 1988, limetoa mwongozo wa vipimo. Katika njia rahisi, zenye alama ya duara la kijani, daraja lisiloepukika linapaswa kuwa na upana usiopungua sentimita 90 hivi. Katika njia za wastani, zenye mraba wa buluu, upana huo ni sentimita 60. Kikwazo chochote kigumu sharti kiwe na njia ya kando, na sehemu yake ngumu iwekwe mwanzoni, karibu na ardhi, ili asiyeweza atambue mapema.

Sheria nayo haikusahaulika. Katika mkoa wa British Columbia, sheria ya misitu iliyoanza kutekelezwa mwaka wa 2004 inakataza ujenzi wa njia katika ardhi ya umma bila idhini. Chama cha waendeshaji baiskeli wa eneo hilo, kilichoundwa mwaka wa 1997, hushirikiana na wasimamizi wa ardhi kukarabati njia.

Katika ukarabati huo, madaraja mengi ya zamani yameondolewa na mahali pake kuwekwa mawe na udongo wenye changarawe, ambavyo haviozi. Mbao imebaki zaidi pale ilipohitajika tangu mwanzo: juu ya vijito na ardhi chepechepe.