Kipevu iko hapa, mbona sisi tuko gizani? Jinsi gridi ya stima inavyoendeshwa



Mzee mmoja jirani yangu ana friza mbili za samaki. Usiku mmoja stima zilipopotea nchi nzima, tulikaa naye barazani hadi karibu na alfajiri. Kila baada ya muda akisimama, akigusa mlango wa friza, akirudi kuketi. Mwisho akaniuliza: "Mwanangu, wewe uliyesoma nieleze. Mitambo ya Kipevu iko hapa Changamwe, ukitembea wafika. Ikiharibika kitu huko bara, sisi huku twazimiwa kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Diploma yangu si ya umeme. Lakini swali lile nililisikia tena msikitini, nikalisikia kwenye matatu, nikaona si haki kulikimbia. Nimesoma na nimeuliza wanaojua, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tujue nani ni nani. Wengi wetu stima zikipotea twalitaja jina moja tu, la Kenya Power. Ukweli ni kuwa kazi imegawanywa. Wako wanaozalisha umeme, mkubwa wao ni KenGen, iliyotenganishwa na kampuni ya usambazaji mwaka 1997. Wako pia wazalishaji binafsi, kama Rabai Power hapa kwetu, mtambo wa megawati 90 hivi, na ule wa jua ulioko Malindi. Kisha iko KETRACO, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 2008 ili kujenga laini kubwa za kusafirishia umeme. Kenya Power inayo laini zake za zamani, na ndiyo inayokufikishia umeme mlangoni na kukuuzia tokeni. Juu yao wote kuna EPRA, mdhibiti anayeidhinisha bei.

Laini kubwa ni zile zenye minara ya chuma unazoziona ukienda Nairobi. Umeme wa nyumbani ni volti 240. Wa kwenye minara ni volti 132,000, au 220,000, au 400,000. Sababu ni hii: waya wowote unaopitisha umeme hupata joto, na joto hilo ni umeme unaopotea njiani. Ukiongeza volti maradufu, umeme ule ule unasafiri kwa mkondo uliopungua nusu, na upotevu kwenye waya ule hushuka hadi robo. Ndiyo maana umeme hupandishwa volti unapotoka mtamboni, husafiri masafa marefu, kisha hushushwa kwenye vituo vidogo kama kile cha Rabai kabla ya kuingia mitaani.

Sasa tufike kwenye moyo wa jambo. Umeme wa gridi hauwekwi ghalani kama mahindi. Unaotumika sekunde hii lazima uzalishwe sekunde hii hii. Ukiwasha pasi Likoni, kuna mtambo mahali fulani ambao lazima usukume zaidi kidogo wakati huo huo.

Fikiria mashua ya makasia yenye wapigaji thelathini. Wote wanapiga kwa pigo moja. Mitambo yote mikubwa iliyounganishwa kwenye gridi ya Kenya huenda hivyo hivyo, kwa pigo la mara 50 kila sekunde, iwe ya mvuke wa Olkaria, ya maji ya mto Tana au ya mafuta ya Kipevu. Mzigo ukizidi, pigo hushuka chini ya 50. Mzigo ukipungua ghafla, pigo hupanda. Mtambo ukiona pigo limetoka nje ya mipaka yake hujitenga wenyewe, kwa sababu ukiendelea utavunjika.

Mashua hiyo ina nahodha, naye ndiye mwendeshaji wa gridi. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na kituo cha taifa cha kudhibiti umeme kilichoko Juja Road, Nairobi, chini ya Kenya Power. Pale watu wamekaa mbele ya skrini usiku na mchana, Idi na Krismasi. Siku moja kabla, wanakadiria kila nusu saa nchi itahitaji umeme kiasi gani. Kisha wanapanga nani azalishe. Kwa kawaida wa bei nafuu huanza. Mvuke wa Olkaria huenda mchana kutwa na usiku kucha. Upepo wa Turkana huchukuliwa unapovuma. Maji ya mabwawa hupandishwa na kushushwa kufuata mzigo. Mitambo ya mafuta kama Kipevu na Rabai, ambayo umeme wake ni ghali, huitwa zaidi jioni au pale volti za Pwani zinapohitaji kushikiliwa. Ikifanya kazi sana, utaiona kwenye ile gharama ya mafuta inayokatwa kwenye tokeni zako.

Saa ngumu kwa nahodha ni kuanzia magharibi hadi saa nne usiku. Taa zinawashwa, wapishi wamo jikoni, televisheni zimefunguliwa. Mahitaji ya nchi kwa wakati huo yameshapita megawati 2,300. Usiku wa manane yanashuka sana, na hapo tatizo linageuka: kuna umeme mwingi na watumiaji wamelala, hata mitambo ya upepo huambiwa ipunguze.

Sasa turudi kwa swali la mzee. Tarehe 7 Juni 2016, mwanzoni mwa Ramadhani ya mwaka ule, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mitambo mingine ya pale ikabebeshwa mzigo usio wake, nayo ikajitenga, na zaidi ya megawati 180 zikatoweka kwa mkupuo. Nchi nzima ikazimika kwa zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alipona.

Haikuwa nguvu ya tumbili. Wapiga makasia kadhaa walipoacha kwa ghafla, pigo la waliobaki lilishuka. Kuna vifaa vya kujiendesha ambavyo wakati kama huo hukata baadhi ya mitaa ili kuuokoa mwili kwa kukata kidole. Vikiwahi, ni mitaa michache tu itakayokosa stima. Visipowahi, mitambo hujitenga mmoja baada ya mwingine hadi mashua nzima isimame. Na Kipevu, ikiwa peke yake, haiwezi kuubeba mzigo wa nchi nzima unaoiangukia. Nayo hujiokoa kwa kujizima.

"Basi ijitenge na bara iwashe Mombasa peke yake," mzee aliniambia nilipomweleza. Kwa nadharia inawezekana, lakini ni lazima gridi iwe imejengwa na kupangwa kwa hilo. Umeme unaozalishwa Pwani wakati ule lazima ulingane na mzigo wa Pwani, na kutengana kuwahi kabla ya kuzama. Vile vile, mtambo uliozimika unahitaji umeme ili uwake. Mafuta mazito ya Rabai na Kipevu lazima yapashwe moto, pampu zizunguke. Mitambo ya maji ndiyo rahisi kuamka kutoka gizani, kwa hivyo nahodha huanza nayo mara nyingi, akaiwasha laini moja, akaongeza mzigo kidogo kidogo, akasubiri pigo litulie, kisha akaendelea. Akiharakisha, kila kitu huanguka tena. Hiyo ndiyo sababu sisi tulio mwisho wa laini husubiri.

Na hapo ndipo penye shida yetu halisi. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Kwa miongo mingi Pwani iliunganishwa na Nairobi kwa laini ya volti 132,000. Mwaka 2017 ikawashwa laini mpya ya Mombasa hadi Nairobi yenye urefu wa kilomita 482. Ilijengwa kwa volti 400,000 lakini ikaanza kazi kwa 220,000. Kutoka Rabai kuna laini nyingine inayopita Malindi na Garsen hadi Lamu, ambako zamani walitegemea jenereta za dizeli. Hii ni hatua kubwa, alhamdulillahi. Lakini mji wenye njia moja au mbili za kuingilia huathirika haraka kuliko wenye njia nne.

Mnara mmoja ni jambo zito. Tarehe 11 Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka, na nchi ikazimika. Kuunguza vyuma vya mnara ili kuuza chuma chakavu si wizi wa mali ya serikali tu. Ni kumzimia mashine mgonjwa aliye hospitali usiyemjua.

Tarehe 25 Agosti 2023 nchi ilizimika tena, safari hii usiku. Kenya Power ilisema chanzo ni kupotea kwa megawati 270 za upepo wa Turkana. Wenye mtambo wakasema wao walijitenga kwa sababu volti za gridi zilikuwa zimepanda kupita kiasi. Mimi siwezi kuamua baina yao. Ninachosema ni kuwa nahodha asiwe mwenye biashara ndani ya mashua ile ile. Sheria ya Kawi ya 2019 iliweka nafasi ya mwendeshaji wa gridi, na EPRA ikaichagua KETRACO kwa kazi hiyo. Makabidhiano yamekwenda polepole mno. Wawakilishi wetu wa Pwani wanapaswa kuuliza hili bungeni, na kuuliza pia lini mitambo ya Pwani itawekewa mpango wa kusimama peke yake wakati wa dharura.

Wenye mashamba nao wana haki ya kujua. Laini ya volti 400,000 huhitaji njia ya upana wa mita 60. Hati hubaki yako, lakini hutajenga ndani ya njia hiyo, wala mnazi au mwembe hautaachwa usimame. Kabla ya kutia sahihi, hakikisha miti yako imehesabiwa na fidia imeandikwa.

La mwisho ni la nyumbani. Stima zikipotea, tazama nje. Nyumba yako peke yako? Angalia mita na swichi kuu. Mtaa mmoja? Huenda ni transfoma, au chumvi ya bahari imeganda kwenye vikombe vya kauri vinavyoshikilia waya. Mji mzima na simu za Nairobi zinasema vivyo hivyo? Hiyo ni gridi, na itachukua saa kadhaa. Zima friza, kiyoyozi na televisheni. Zikirudi, ngoja dakika kumi, kwani mara nyingi hurudi kwa kuyumba. Friza iliyojaa isifunguliwe. Baridi yake hudumu.

Mzee usiku ule alikuwa akifungua kila nusu saa. Nilipomweleza haya alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe nusu ya hasara nimejitia mwenyewe." Nusu ile nyingine si yake, na wenye kuulizwa wapo.