Nani Aanze Kusema?

Mfaransa François Gouin alikwenda Hamburg akitaka kukijua Kijerumani kwa njia ya mkato. Alijifungia ndani, akakariri sarufi na vitenzi, akaimeza hata kamusi. Alipoingia chuoni kuwasikiliza wahadhiri, hakuambulia kitu. Aliporudi kwao, alimwona mpwa wake mdogo, aliyetoka kutembezwa kwenye kinu cha nafaka, akiigiza aliyoyaona huko na kulitaja kila tendo kwa mfuatano wake. Kitabu alichokitoa Gouin mwaka 1880 kilijenga masomo ya lugha juu ya mifuatano ya namna hiyo.

Mbinu hiyo ilivuka bahari. Mwaka 1907 Peter Roberts, mchungaji aliyewafahamu vyema wachimba makaa ya mawe wa Pennsylvania, alianza kuliandalia shirika la Kikristo la YMCA masomo ya Kiingereza kwa wahamiaji watu wazima. Somo la kwanza halikuwa alfabeti, lilikuwa kuamka asubuhi. Mwalimu alifumbua macho, akainuka, akavaa nguo, huku akitamka kila anachokifanya, na darasa likamfuatisha. Hapo hapakuwa na wa kumcheka mwenzake, kwani wote walikuwa katika igizo lilelile.

Henry Ford akaipenda. Mwaka 1914 kiwanda chake cha magari cha Highland Park, Michigan, kilifungua shule ya Kiingereza, na Roberts akaalikwa kuwaonyesha njia walimu, ambao wenyewe walikuwa wafanyakazi waliojitolea. Lakini uchangamfu wa pale ulikuwa na mwenyewe: mada zilikuwa usafi, usalama kazini, kuweka akiba. Kilele kilikuwa mahafali. Wahitimu waliteremka kutoka kwenye mfano wa meli wakiwa na mavazi ya kwao, wakatumbukia ndani ya chungu kikubwa kupita kiasi, walimu wakakoroga kwa miko mirefu, kisha wakaibuka wamevaa suti na kushika bendera za Marekani. Tamasha la kupendeza, pengine. Ila mfanyakazi alisema yale aliyopangiwa.

Zamu ya kusema ilibadilika polepole, na mmoja wa walioisukuma alikuwa padri. Charles Curran, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, aliona kwamba mtu mzima akirudishwa darasani hujihisi mtoto, na hofu humfunga mdomo. Aliwaketisha wanafunzi duara. Mmoja alisema alitakalo kwa lugha yake, mwalimu aliyesimama nyuma akamnong'oneza tafsiri, naye akaitamka kwa wenzake. Maneno yao yalirekodiwa, yakawa ndiyo somo.

Mwaka 1978 Gertrude Moskowitz alichapisha kitabu cha mazoezi ya kufahamiana katika madarasa ya lugha. Kinahusishwa na mchezo ambao walimu wengi wa Kiingereza wanaujua: shika karatasi, zunguka chumbani, mtafute anayependa kupika, mtafute aliyezaliwa mwezi wako, andika jina lake.

Katika madarasa ya wakimbizi huko Marekani, walikopokelewa Wakongo wengi wasemao Kiswahili, mchezo huo unataka uangalifu. "Una watoto wangapi?" ni swali jepesi kwa mtunga vitabu tu; aliyepotezana na wanawe vitani atalijibuje? Tena kijana hawezi kumwita mama mtu mzima kwa jina lake tupu bila kusitasita. Ni heri kuanzia kwenye chakula na hali ya hewa, na kila mtu aseme mwenyewe angependa aitweje: Mama Furaha, Baba Amani, au vinginevyo.