Bugali na Sombe: Urithi wa Nyumba Zetu

Tukimwuliza kijana wa Butembo au wa Beni chakula cha babu zake ni kipi, atajibu upesi: bugali wa muhogo, ambao kwa Kinande huitwa obundu, pamoja na sombe. Jibu lake si baya, lakini babu wa babu yake angelishangaa kulisikia.

Katika milima ya Lubero watu wa zamani walisonga unga wa ulezi. Muhogo ulikuwa mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta katika pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16, nao ukasafiri polepole, shamba kwa shamba, mpaka huku mashariki. Baadaye Serikali ya Wabelgiji, iliyotoa mwaka 1917 amri ya kulima mazao kwa lazima, iliuhimiza muhogo uwe akiba ya njaa. Hata maharagi na mahindi yalitoka Amerika, na vile viazi tunavyoviita vya Ulaya pia.

Basi, urithi u wapi? Mimi naona u katika mikono ya akina mama. Muhogo mchungu una sumu. Mizizi yake hulowekwa siku kadhaa, hukaushwa juani, ndipo hutwangwa. Majani nayo hutwangwa kinuni, kisha huchemshwa muda mrefu mpaka sumu ishe, na hapo tu hutiwa mawese. Binti hakusoma hayo kitabuni. Aliyapata kwa kushika mchi pembeni ya mama yake.

Tena mawese hayo yana safari yake. Michikichi hupenda joto la upande wa Beni, haipendi baridi ya Butembo. Kwa hiyo mafuta hupanda mlima, na maharagi, kabichi na viazi hushuka. Hata ng'ambo ya mpaka uliopatanwa na wakubwa wa Ulaya mwaka 1910, ndugu zetu Bakonzo wa Uganda wangali wanaita bugali wao obundu, na sombe kwao ni sombe.

Chakula hiki kililiwa katika sahani moja, mikono ikiisha kunawishwa, na hapo ndipo watoto walipojua nani ni shangazi wa nani. Desturi hii imejaribiwa sana. Toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020 ugonjwa wa Ebola uliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao katika Mangina, Beni, Butembo na vijiji vya jirani. Kwa kuwa huambukiza kwa majimaji ya mwili, watu waliacha kupeana mikono, na sahani moja ikawa kitu cha kuogopa. Ilikuwa haki kutii.

Lakini mlipuko huo wa Ebola uliisha. Jaribu la pili ni refu zaidi. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya upande wa Beni yamewafukuza watu wengi mashambani, wakakimbilia mjini. Katika chumba cha kupanga hakuna muhogo nyuma ya nyumba, wala nafasi ya kinu. Mama hununua sokoni sombe iliyokwisha kutwangwa, na unga uliokwisha kusagwa. Jioni jamaa hula vizuri, hata kwa furaha. Ila ukimwuliza binti wa miaka kumi na miwili muhogo mchungu hulowekwa siku ngapi, humtazama mama yake.