Majani ya Masisi: yalivyokuja, yalivyoharibika, yanavyorudi



Kila mara vita vikitulia kidogo na watu wakianza kurudi Masisi, swali la kwanza linakuwa nyumba, la pili shamba. Swali la tatu halisemwi sana, lakini ndilo linaloleta magomvi: vile vilima vya malisho, nani atalisha pale, nani atalima, na udongo wenyewe umebaki katika hali gani? Ili tujibu vizuri, inafaa kwanza tujue historia ya majani hayo.

Anayepita leo kutoka Sake, Mushaki mpaka Kitchanga anaona vilima vya kijani tupu, na anafikiri viliumbwa hivyo. Sivyo. Sehemu kubwa ya vilima hivi ilikuwa msitu. Wahunde walilima na kuwinda humo, na udongo uligawiwa kwa desturi, chini ya masultani. Mwaka wa 1928 Wabelgiji walianzisha Comité National du Kivu, shirika lililopewa uwezo wa kugawia wazungu udongo. Wakaja wenye mashamba makubwa ya kahawa, chai na pareto. Mashamba yalitaka mikono. Kwa hiyo, kati ya 1937 na 1955, serikali ya mkoloni ilileta makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwakalisha Masisi, hasa upande wa Gishari. Msitu ukakatwa upande huu na upande ule. Wenyeji hawakuulizwa vya kutosha, na walioletwa hawakupewa msingi ulio wazi wa kukaa juu ya udongo ule. Deni hilo bado tunalilipa.

Pale msitu ulipotoka, majani yakaingia. Yale yanayofunika vilima vyetu zaidi yanaitwa kikuyu. Jina limetoka kwa Wakikuyu wa Kenya, lakini majani yenyewe ni ya nyanda za juu za eneo letu lote: Kenya, Uganda, Rwanda na mashariki ya Congo. Yanapenda baridi ya milimani na mvua nyingi. Yanatambaa juu ya udongo na chini ya udongo pia, yanashikana kama mkeka, na ng'ombe anayapenda.

Wengi hawajui kwamba majani haya yamesafiri. Mwaka wa 1919 mbegu zake zilipelekwa Australia kutoka Congo ya Wabelgiji. Leo wafugaji wa maziwa wa kule wanalishia ng'ombe kikuyu. Yalifika pia Afrika Kusini na Marekani, na huko watu wakayaweka hata katika viwanja vya gofu, ule mchezo wa kupiga kampira kadogo kwa fimbo. Kiwanja cha Riviera, katika mji wa Los Angeles, njia zake za kuchezea ni kikuyu, na hapo ndipo imepangwa gofu ya Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2028. Sisi wenyewe hatukosi habari za gofu: Lubumbashi kuna kartie nzima inayoitwa Golf.

Ninataja gofu kwa sababu watunza viwanja hivyo wamejifunza jambo linalotufaa. Katika nchi za baridi kali kama Canada, majani ya kiwanja hufunikwa na barafu kwa wiki nyingi. Mizizi inakosa hewa. Theluji ikiyeyuka, yanabaki madoa makavu na ukungu. Wao hawaanzi kwa kukanyaga. Wanafunga mahali palipoharibika. Wanatoboa udongo matundu madogo ili hewa na maji viingie. Wanaondoa vipande vilivyokufa, wanabandika vipande vizima au kupanda mbegu, kisha wanangoja mizizi ishike. Anayefungua mapema anapoteza kazi yote.

Kwetu hakuna theluji. Baridi yetu iliyoharibu majani ilikuwa ya namna nyingine.

Mwaka wa 1973 ulileta mambo mawili. Mwezi wa saba ilitoka sheria ya udongo iliyosema kwamba udongo wote ni wa serikali. Kuhusu udongo wa desturi, sheria iliahidi amri ya Rais itakayoueleza, na kwa miaka mingi amri hiyo haikutoka. Mwezi wa kumi na moja ikatangazwa Zairianisation: mali za wageni zikapewa wakubwa wa Zaire. Mashamba mengi ya Masisi yaligeuzwa kuwa malisho, kwa sababu ng'ombe anahitaji wafanyakazi wachache kuliko chai. Mwenye karatasi akazungusha seng'enge. Asiye na karatasi akasukumwa pembeni, hata kama babu yake alizikwa pale. Lakini tukubali pia kwamba miaka ile maziwa yalikuwa mengi, na fromaji ya Masisi, ambayo mapadri walisaidia kuifundisha, ilisifiwa mpaka Kinshasa.

Mwezi wa tatu 1993 vita viliwaka Ntoto, katika Walikale, vikapanda mpaka Masisi. Maelfu walikufa, wengi zaidi wakakimbia. Mwezi wa saba 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma. Ng'ombe wa Masisi waliibiwa, wakachinjwa, nyama ikauzwa bei ya chini sokoni. Katika miaka michache vilima vilibaki karibu bila mifugo. Tangu hapo ng'ombe wamerudi na kuporwa tena mara nyingi, kila vita na hesabu yake.

Malisho yanaharibika kwa njia mbili. Ng'ombe wakitoweka, kikuyu inarefuka, inalala, chini inaoza, na vichaka vinaingia. Na watu wakikimbia na mifugo na kujazana mahali pamoja penye usalama, kwato zinakandamiza udongo mpaka maji hayaingii tena. Hapo mvua inateremka na udongo, na kwenye miteremko kama yetu kilima kinaweza kuanguka.

Mlimaji naye ana neno lake. Kwa mwenye maharagi, kikuyu ni adui: ukikata mzizi kwa jembe, kila kipande kinaota upya. Kwa hiyo kilima kimoja, mmoja anakiita utajiri, mwingine anakiita njaa. Wote wawili wanasema ukweli, na ndiyo maana mpaka ni lazima ukubaliwe kabla ya jembe na kabla ya ng'ombe.

Kwa wanaorudi, historia hii inatuachia mambo matatu. La kwanza, majani marefu yanaficha vyuma vya vita. Kitu usichokijua usikiguse, weka alama mbali kidogo, julisha mkubwa wa kijiji. La pili, musingoe miti ya zamani ya mipaka wala kupanda mipya kabla ya wazee wa pande zote kukaa pamoja. Waulizeni na wamama, kwa sababu mara nyingi ndio waliolima mpaka ule kila msimu. La tatu, kilima kilichochoka kipumzishwe. Funga sehemu moja, lisha nyingine. Panda vipande vya mizizi ya kikuyu mvua ya mwezi wa tisa ikianza, tia samadi, na ungoje mpaka ukivuta majani kwa mkono mizizi isikubali kutoka. Penye mteremko mkali, panda miti.

Uzuri wa majani haya ni kwamba hayafi upesi. Juu yanaweza kuliwa, kuchomwa na kukanyagwa, na chini mzizi ukabaki hai. Kinachotakiwa ni muda bila kukanyagwa. Ng'ombe tunaweza kumzuia kwa seng'enge. Vita havizuiwi na seng'enge, vinazuiwa na watu kukubaliana juu ya udongo, jambo ambalo sheria za 1928 na 1973 hazikulifanya.