Vundu wa Mto Zambezi: kambare mkubwa anayevuliwa gizani

Katika Mto Zambezi, chini ya Maporomoko ya Victoria, anaishi samaki wa maji baridi mkubwa kuliko wote wa kusini mwa Afrika. Zambia na Zimbabwe humwita vundu. Ni wa ukoo mmoja na kambare anayefahamika katika mito, mabwawa na majaruba ya mpunga ya Afrika Mashariki: hana magamba, kichwa chake ni kipana na kigumu, na mdomo wake umezungukwa na jozi nne za masharubu. Lakini kwa ukubwa humwacha mbali kambare wa kawaida. Vundu huweza kufikia urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kilo 55.

Wataalamu wa viumbe humwita Heterobranchus longifilis. Njia rahisi ya kumtambua ni kumtazama mgongoni. Kambare wa kawaida ana pezi moja refu linalokwenda hadi karibu na mkia. Vundu ana pezi fupi kuliko hilo, na nyuma yake pezi la pili, nene na laini, lililojaa mafuta. Masharubu yake nayo ni marefu, na hicho ndicho kinachoelezwa na neno la pili la jina lake la kisayansi.

Si samaki wa Zambezi peke yake. Anapatikana katika Nile, Niger, Kongo na Ziwa Tanganyika, na wavuvi wa Rufiji na Kilombero nchini Tanzania wanamjua pia. Katika Zambezi yenyewe ana mpaka wake. Maporomoko ya Victoria, ambayo maji yake huanguka zaidi ya mita 100, yamemzuia kupanda, na mto ulio juu ya maporomoko hayo hauna vundu.

Kwa nini usiku

Mchana vundu hukaa kwenye maji ya kina, chini ya magogo yaliyozama, kwenye mashimo ya kingo na penye vivuli vya miamba. Jua likituā huanza kutembea. Macho yake ni madogo mno kwa mwili wa namna ile, naye hayategemei sana. Hutafuta chakula kwa masharubu, ambayo yana vionjo vingi kama ulimi, na kwa pua yenye uwezo mkubwa wa kunusa. Kama kambare wengine, ana pia viungo vidogo vya ngozi vinavyohisi umeme hafifu unaotoka katika miili ya viumbe wengine. Giza na matope, vinavyowapofusha samaki wengine, kwake si kikwazo.

Usiku ndio wakati ambapo mengi ya chakula chake yapo karibu. Vundu mdogo hula zaidi wadudu na konokono wa majini; akikua huwa mlaji wa samaki, na hakatai mizoga wala mabaki. Baada ya machweo hupanda kutoka kilindini hadi kwenye maji yasiyofika kiunoni, kando kabisa ya ukingo. Kwa hiyo mtu asiye na mashua wala zana za gharama huweza kumfikia samaki ambaye mchana hamfikii kamwe. Jambo hilo moja limejenga uvuvi huu, na ndilo linaloufanya uwe wa hatari.

Vundu ana chombo kingine cha kumsaidia. Juu ya matamvua yake kuna kiungo kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida. Maji yanapopungua na kukosa hewa hupanda juu, akagugumia hewa, akashuka tena. Mvuvi aliyetulia huisikia sauti hiyo gizani na kujua kwamba mahali pale hapako patupu.

Ndoano, chubwi na sabuni ya mche

Wanaovua vundu ni wa makundi mawili, na kila kundi lina usiku wake. Wanakijiji hutega nyavu za makila au mshipi mrefu wenye ndoano nyingi jioni, wakarudi kuutazama alfajiri. Wao hawamtafuti vundu peke yake. Huchukua chochote kilichonasa. Kundi la pili ni wavuvi wa mchezo, wengi wao wakitoka mijini au nchi za nje, wanaokesha wakimngoja samaki mmoja kwa fimbo na mshipi mnene. Miezi ya joto kali kabla ya mvua, Septemba hadi Novemba, ndiyo wanayoipenda.

Chambo hulazwa chini. Mshipi hufungwa chubwi zito ili mkondo usiusombe, na ndoano kubwa hufichwa ndani ya kipande cha samaki, ini au matumbo ya kuku. Sharti la chambo ni kunuka, si kupendeza machoni.

Kuna chambo kimoja ambacho msikilizaji anaweza kukidhania mzaha: sabuni. Katika Ziwa Kariba wavuvi wamezoea kukata vipande vya sabuni ya mche, ile ya kufulia, na kuvichomeka kwenye ndoano, naye vundu huvimeza. Sababu yake inaeleweka. Sabuni za namna hiyo hutengenezwa kwa mafuta, mara nyingi ya wanyama. Ikikaa majini huyeyuka polepole, na mkondo huichukua harufu yake mbali. Zaidi ya hayo, sabuni haiibwi na samaki wadogo, tofauti na kipande cha nyama kinachoweza kumalizwa kabla vundu hajafika. Kwa mtu anayengoja saa tano gizani, faida hiyo si ndogo.

Vundu hashiki chambo kwa pupa. Kwanza mshipi hutikisika kidogo, kama unaoguswa na mkono. Kisha huanza kwenda, taratibu na bila kusita, na mvuvi asiye na subira huuvuta mapema akakosa. Samaki mkubwa akishanaswa huelekea kwenye magogo au kwenye mkondo wa kati, na mapambano huweza kuchukua saa nzima. Akifikishwa karibu bado ana silaha: miiba migumu ya mapezi ya kifuani, inayochana kiganja cha anayemshika ovyo.

Nyama yake ni ya mafuta, na hukaa zaidi ikikaushwa kwa moshi. Hata hivyo si kila nyumba humnunua. Kusini mwa Zambia Wasabato ni wengi, na kama wenzao wa Afrika Mashariki, wao hawali samaki asiye na magamba.

Maji yenye wenyewe

Saa ambazo vundu husogea ukingoni ni zile zile ambazo viboko hutoka majini kwenda kula nyasi na mamba huanza mawindo yao. Zambezi ya kati na Ziwa Kariba zina wanyama hao kwa wingi. Mvuvi aliyesimama kwenye maji ya magotini, akiangalia mshipi wake, yupo mahali pabaya kuliko pote.

Mamba wa Nile huvizia kwa kuzamisha mwili na kuacha macho na pua tu juu ya maji. Ukimmulika kwa tochi macho yake hung'aa kwa wekundu, na wavuvi wazoefu humulika kwanza kabla ya kukaribia maji. Lakini tochi humwonyesha mamba aliye juu tu; aliyezama haonekani. Samaki anayepigapiga maji karibu na ukingo humwita mamba, na damu ya samaki anayepasuliwa hapo hapo humwita zaidi. Kwa sababu hiyo samaki hapaswi kupasuliwa wala kuoshwa ukingoni, na mtu asirudi kuchota maji au kuvua mahali pale pale kila usiku. Mamba hujifunza mazoea ya windo lake, na siku ya kwanza na ya pili anaweza kuwa anatazama tu.

Kiboko hali mtu, lakini huua. Hatari yake kubwa ni njia. Kila kundi lina mapito yake ya kupandia ukingoni na kurudia majini, yanayoonekana mchana kama mifereji iliyochimbwa kwenye udongo. Aliyeweka kambi au aliyeegesha mtumbwi kwenye pito hilo amejiweka kati ya kiboko na maji, na kiboko aliyeshtuka hukimbilia majini moja kwa moja, haidhuru kilicho mbele yake. Waongozaji wa mitumbwi katika Zambezi hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi wanapopita, ili walio chini ya maji wajue pa kuepukia. Mvuvi wa usiku anayenyamaza ili asimshtue samaki hujinyima kinga hiyo.

Mto huu pia ni mpaka wa nchi mbili, na mstari wake hauonekani gizani. Mtumbwi uliochukuliwa na mkondo kutoka upande wa Zambia unaweza kujikuta Zimbabwe, au kinyume chake, na mvuvi asiye na kibali huweza kukamatwa. Chini ya Chirundu kingo zote mbili zina hifadhi za taifa, Lower Zambezi upande wa Zambia na Mana Pools upande wa Zimbabwe. Humo masharti ni makali zaidi, na doria haziko kwa ajili ya wavuvi tu.

Ukuta wa Kariba

Uvuvi wa vundu wa leo hauelezeki bila bwawa. Ukuta wa Kariba ulijengwa kati ya 1955 na 1959, na nyuma yake likatokea ziwa lenye urefu wa kilomita 280 hivi. Watu wapatao 57,000, wengi wao Watonga, waliondolewa kwenye bonde hilo. Walikuwa wakilima kwenye udongo ulioachwa na mafuriko na kuvua mbele ya nyumba zao. Wengi walipelekwa kwenye nchi kavu, mbali na maji, na waliotaka kurudi kuvua walikuta ziwa lenye vibali, kanuni na wavuvi wapya.

Miaka ya 1967 na 1968 ziwa hilo lilipandikizwa samaki mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika, wa jamii ya dagaa. Pale Kariba anaitwa kapenta. Anavuliwa usiku kwa taa na wavu unaoshushwa chini ya mwanga, karibu kama wanavyofanya wavuvi wa Kigoma, na kama Kigoma, kazi hupungua mwezi unapokuwa mpevu kwa sababu taa hushindwa na mbalamwezi. Kapenta aliligeuza ziwa kuwa chanzo cha kitoweo cha bei nafuu kwa miji ya nchi zote mbili, akapita hata kwenye ukuta wa bwawa na kuenea hadi Cahora Bassa, Msumbiji.

Kwa vundu bwawa lilileta pia hasara. Samaki huyu hutaga wakati wa mvua, mto unapofurika na kuingia kwenye nyasi za bondeni, mahali ambapo vifaranga hupata joto, chakula na maficho. Chini ya Kariba, na baadaye chini ya Cahora Bassa, maji hufunguliwa kwa mahitaji ya umeme, na mafuriko ya zamani yamepungua. Ukame nao una uzito wake: baada ya mvua za 2023/2024 kukosekana, kina cha Kariba kilishuka kiasi cha kuiacha Zambia bila umeme kwa saa nyingi kila siku.

Zambia hufunga uvuvi katika mito na maziwa yake mengi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, ingawa Kariba imekuwa ikiachwa nje ya katazo hilo. Sheria inalinda msimu, lakini haimlindi sana samaki mmoja mmoja mkubwa. Jike la kilo 40 hubeba mayai mengi kuliko majike kadhaa madogo kwa pamoja. Ndiyo sababu wavuvi wengi wa mchezo humpima, humpiga picha na kumrudisha. Mwanakijiji hana anasa hiyo, na si haki kumlaumu. Kwake vundu mmoja ni ada ya shule au gunia la mahindi.

Wa Rufiji nao

Tanzania sasa ina hali inayofanana. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza ukaanza kutoa umeme Februari 2024. Yote tisa yana uwezo wa megawati 2,115. Miezi miwili baadaye, Aprili 2024, mafuriko makubwa yalizikumba Rufiji na Kibiti, yakabomoa nyumba na kuharibu mashamba. Kwa waathirika maji hayo yalikuwa maafa. Kwa kambare na vundu, maji yanayopanda bondeni ndiyo msimu wa kutaga, na mabwawa ya asili yaliyo kandokando ya Rufiji ya chini hupokea samaki wapya mto unapofurika na kuyafikia.